Askari Walikuwa Wapi?

Mjomba wangu alikuwa mpiga mbizi wa Pangani, wa zama zile mtu alipokwenda chini bila mtungi wa hewa, ana miwani ya kioo na kisu kiunoni basi, akitafuta majongoo bahari. Sisi watoto tuliachwa kwenye ngalawa. Alikaa chini mpaka tukaanza kutazamana, mpaka mdogo wetu akalia, kisha kichwa kikachomoza upande tusioutazamia, maji yanamtoka puani, anacheka. Mwaka 2016, akiwa na miaka 63, kikombe cha kahawa kilimponyoka mkono wa kushoto barazani, mbele za watu. Wiki iliyofuata mguu ukaanza kuburuta. Miezi miwili baadaye alikuwa kitandani Dar es Salaam, kichwa kimenyolewa na kushonwa, na kwenye faili pameandikwa neno ambalo nesi alinigeuzia nilisome mwenyewe: glioblastoma.

Jioni moja aliniuliza. Mkewe alikuwa ameshuka kununua maji.

"Mwanangu, wewe ndiye mwenye kuviona hivi vitu kwa macho. Mwenyezi Mungu kamwekea binadamu askari ndani ya mwili, ndivyo mlivyosoma, sivyo?"

"Ndivyo, mjomba."

"Basi wangu walikuwa wapi?"

Nikamjibu jibu la haraka, jibu la mtu wa zamu: "Walidanganywa, mjomba." Akanyamaza kidogo, akitazama feni. "Walidanganywa na nani?"

Nimelizunguka swali hilo kwa miaka, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kazi yangu: mimi ni mtu wa maabara ya patholojia, nakata vinyama vinavyotolewa kwa wagonjwa. Ya pili ni kwamba nimelelewa kwenye chuo cha baba yangu, na kwa baba swali la "nani" lilikuwa na adabu zake, halijibiwi kwa kurukia.

Watu wanaokuja kumtazama mgonjwa hawakosi la kusema. Mmoja alisema kikulacho ki nguoni mwako, akimlenga jirani fulani waliyegombana naye mpaka wa shamba. Mwingine, mcha Mungu wa kweli wala simcheki, alininong'oneza ukumbini kwamba mwenye imani imara mwili wake hupigana, na kwamba tumhimize mjomba apigane. Alidhani ananong'ona. Upande wa kushoto wa mjomba ulikuwa umelegea, masikio yalikuwa mazima yote mawili. Tangu siku ile alianza kuona haya kuugua.

Kinyama chake kilikatwa na mwenzangu. Nilimwomba, si vizuri mkono wa mpwa uwe na kisu pale. Lakini slaidi niliitazama. Kazi yenyewe ni hivi: kinyama hukaa kwenye formalini, hutolewa maji, huzamishwa kwenye nta ya moto mpaka kinaganda na kuwa kitofali. Kitofali hufungwa kwenye mikrotomu na kukatwa utepe wa unene wa mikroni 4 hivi. Utepe huelea juu ya maji ya uvuguvugu, ukauopoa kwa kioo kama anayeopoa utando wa maziwa. Kisha rangi: hematoksilini ya kutia viini vya seli buluu ya zambarau, eosini ya kutia vilivyobaki waridi. Anayetoa hukumu ni daktari. Ila ukikata kwa miaka 19, macho hayakai bure.

Glioblastoma ina sura moja ambayo ukishaionyeshwa hutaisahau. Katikati pana eneo la waridi lililokufa, halina viini, kama uwanja mtupu. Pembezoni mwake seli zimesongamana, zimejipanga bega kwa bega, zimeelekea nje kama boriti za uzio. Zamani walidhani ni mapambo ya ugonjwa tu. Sasa inafahamika kwamba ule ni umati unaokimbia. Mshipa wa damu umeziba au umebanwa, oksijeni imekatika, waliokuwa katikati wamekufa, na wenye uwezo wa kutembea wanahama. Slaidi imewakamata wakiwa njiani.

Oksijeni haisafiri mbali kutoka kwenye mshipa. Mwaka 1955 Waingereza wawili, Thomlinson na Gray, walipima vinyama vya saratani ya mapafu wakaona kwamba ukivuka sehemu moja au mbili za kumi za milimita kutoka palipo na damu, unakuta wafu. Gray ndiye aliyekuwa akihangaika kueleza kwa nini mionzi hushindwa kuwasaidia wagonjwa wengine: seli iliyokosa oksijeni huhitaji mionzi karibu mara tatu ili ife. Na ubongo ni mlafi wa hewa. Uzito wake ni asilimia 2 ya mwili, nao hutumia asilimia 20 ya oksijeni yote. Uvimbe ukiota humo, unaota kwenye nyumba yenye mahitaji makubwa, na mabomba unayojijengea ni ya ovyo, yamepinda, yanavuja.

Haya nilimweleza mjomba, kwa ufupi. Alielewa upesi kuliko wanafunzi wa mazoezi ninaowapokea kila mwaka. Akaniambia kitu ambacho sijakiona kwenye kitabu chochote cha maabara. Pumzi ikianza kwisha chini ya maji, kifua kinapiga kwa nguvu, na wageni huogopa hapo. Hapo bado uko salama. Cha kuogopa ni pale kifua kinapoacha kupiga, ukaona raha, ukaona hata huna haraka ya kurudi juu. "Bahari haikukabi, mwanangu. Inakubembeleza." Aliwazika wenzake wawili waliobembelezwa.

Nikakumbuka HIF.

Karibu kila aina ya seli ya mwili wako, sasa hivi unaposoma, inatengeneza protini iitwayo HIF na kuibomoa ndani ya dakika chache. Inatengeneza, inabomoa, mchana na usiku. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza niliona ni ubadhirifu. Siri yake ni kwamba kinachobomoa hakifanyi kazi bila oksijeni. Hewa ikikatika, ubomoaji unasimama, HIF inajikusanya papo hapo, inaingia kwenye kiini na kuwasha mamia ya jeni: ota mishipa, kula sukari bila kungoja hewa, hama. Ni ulinzi unaokesha. Gregg Semenza, William Kaelin na Peter Ratcliffe walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kuufumbua. Ndio unaowaongezea damu watu wanaoishi milimani. Hakuna ubaya ndani yake hata chembe.

Lakini mahali palipokosa hewa, kwa kawaida ya mwili, ni mahali palipoumia: jeraha, mfupa uliovunjika, msuli uliokatikiwa damu. Hapo askari wakizidi kufyatua wataangamiza hata kilichosalimika. Kwa hiyo mwili umewekewa maneno ya kuwatuliza. Moja linaitwa adenosini, ambalo huongezeka penye dhiki ya hewa, na likiwafikia askari huwaambia: yatosha, shusheni silaha. (Ni adenosini hiyo hiyo ambayo kahawa huizuia isitulaze usingizi, mjomba alifurahi mno kusikia hivyo, akaagiza kahawa.) Jingine ni PD-L1, alama ambayo seli huivaa juu ya ngozi yake. Seli T, ambazo ndizo askari wenyewe hasa, zikiigusa kwa kipokezi chao cha PD-1, hulegea. HIF huweza kuamrisha alama hiyo ivaliwe. Na wapo makrofaji, walinzi wa zamu ambao ukosefu wa hewa huwaita na kuwageuza kuwa mafundi wa kutibu jeraha. Kwenye glioblastoma huweza kufika thuluthi ya uvimbe mzima au kuzidi. Yaani ukiushika uvimbe ule mkononi, sehemu kubwa ya ulichoshika si saratani. Ni askari wako waliokuja, wakaona mgonjwa wa kuuguzwa, wakaanza kumpikia uji.

Je, walidanganywa? Nilianza kulionea shaka jibu langu mwenyewe. Mwongo husema lisilokuwapo. Uvimbe ule uliposema "hapa hewa hakuna, tuhurumieni", ulikuwa unasema kweli.

Baba alikuwa na mazoea ya kufundisha kwa mizizi ya maneno. Rehema, alisema, na rahimu, tumbo la uzazi, kwa Kiarabu ni herufi zile zile tatu. Kwa hiyo ukitaka kujua rehema ni nini usianze na sadaka, anza na mimba. Sikujua kwamba nitalikumbuka mbele ya hadubini. Mwaka 1948 Peter Medawar, ambaye baba yake alikuwa Mlebanoni, aliandika kuhusu sungura aliowapandikiza ngozi ya sungura wengine ndani ya ubongo. Ngozi ambayo kifuani ingekataliwa upesi, ubongoni iliachwa, maadamu mnyama hakuwa ameshafunzwa kuichukia kabla. Miaka 5 baadaye mtu huyo huyo akauliza swali la pili: mtoto tumboni ana nusu ya baba yake, ni mgeni kwa damu ya mama, mbona hatupwi? Ubongo na tumbo la uzazi. Mwanaume mmoja aligonga milango miwili, na nyuma ya yote miwili alikuta upole.

Tangu wakati huo mengi yamejulikana. Wiki za kwanza za mimba kijusi hukaa penye oksijeni kidogo sana, kwa makusudi, kwa kuwa mishipa ya mama imezibwa kwa muda. Bila HIF mtoto hawezi kujijengea mishipa. Kondo la nyuma limevikwa PD-L1. Panya wenye mimba wakizuiliwa alama hiyo, vijusi vingi huharibika. Kila mmoja wetu, pamoja na yule aliyenong'ona ukumbini, amefika duniani kwa sababu askari wa mama yake walishusha silaha penye giza na hewa haba. Uvimbe wa mjomba haukubuni kitu. Ulijikinga kwa pazia lile lile lililomkinga yeye tumboni mwa bibi yangu.

Hapa ndipo ninapoachana na Ibn Sina, na naomba radhi, maana huwezi kufanya kazi ya tiba ukiwa Mwislamu bila kumstahi. Daktari yule aliyefariki Hamadan mwaka 1037 alifundisha kwamba ubaya, ukiutafuta asili yake, si kitu bali ni ukosefu wa kitu, kama upofu ulivyo ukosefu wa kuona. Oksijeni ikikosekana, ungedhani umepata mfano wake kamili: hapana kitu, basi hapo ndipo ubaya. Lakini slaidi inanikatalia. Katikati, penye ukosefu mtupu, pametulia, pamekufa, hapamdhuru mtu tena. Kinachoua kiko pembezoni, penye uzio, ambako ukosefu umejibiwa. Na majibu yote yaliyotolewa ni mema: mishipa, uvumilivu, huruma, wauguzi. Ukosefu haukuua. Kilichoua ni mema yaliyoitikia wito.

Nilivyoona, maneno ya wanalugha yanalingana zaidi. Dhuluma, walisema, ni kukiweka kitu pasipo mahali pake. Hawakusema ni kukiweka kitu kibaya. Kitu chenyewe chaweza kuwa kilemba kizuri cha hariri. Ubaya ni kukivisha mguu. Na mzizi wa dhuluma ndio mzizi wa neno la giza kwa Kiarabu, jambo ambalo baba hakuchoka kulirudia. Basi ugonjwa wa mjomba ulikuwa dhuluma kwa maana hiyo ya kamusi, bila dhalimu ninayeweza kumwonyesha kidole: rehema ya tumbo la uzazi imewekwa ndani ya kichwa cha mzee wa miaka 63. Baba angenikatisha hapo. Angesema kila mahali ni milki ya Mungu, na mwenye mali haambiwi ameweka mali yake pasipo pake. Sina jibu la kumshinda. Ninachosema ni kidogo kuliko hapo: kwamba hatukuwa na haki ya kumwaibisha mgonjwa kwa sababu mwili wake haukupigana. Mwili uliokosa huruma usingeweza hata kumzaa.

Binamu yetu aliyeko Muscat alinipigia simu usiku. Amesoma juu ya Jimmy Carter, aliyekuwa rais wa Marekani, aliyepewa tiba ya kinga akiwa na umri wa miaka 90 na ushei, saratani imefika ubongoni, na Desemba 2015 akatangaza haionekani tena. Tuchange, alisema, yeye atauza gari. Nikalazimika kumweleza, na simu ikikatika-katika, kwamba ya Carter ilikuwa melanoma, saratani ya ngozi iliyosafiri, haikuwa mzaliwa wa ubongo. Kichwa ni kimoja, wapangaji mbalimbali.

Tiba yenyewe ni ya ajabu, sitaidharau. James Allison na Tasuku Honjo walipata Nobel mwaka 2018 kwa kuonyesha kwamba ukiziba breki za seli T, zinarudi kazini. Kuna watu waliokuwa wameshaandikiwa wosia wakaondoka hospitali kwa miguu. Bei yake nyingine, mbali na fedha, ni kwamba pazia ukilivuta huvuti la uvimbe peke yake: askari waweza kuingia kwenye utumbo, mapafu, tezi za homoni, wakishambulia wenye nyumba. Kwa glioblastoma haikulipa hata hivyo. Wagonjwa 369 ambao uvimbe wao ulikuwa umerudi waligawanywa mafungu mawili, hawa nivolumabu, mojawapo ya dawa za kuziba breki hizo, wale bevasizumabu, dawa ya aina nyingine. Nusu ya fungu la kwanza walipita miezi 9.8. Nusu ya fungu la pili, miezi 10. Matokeo yalianza kutangazwa mwaka 2017.

Sababu ni nyingi, na pumzi ni mojawapo kubwa. Umemwondolea askari amri ya kushusha silaha, sawa. Lakini bado yuko mahali pasipo hewa, sukari imeshaliwa na uvimbe, pamejaa asidi ya laktiki, na wauguzi wale wa uji bado wanamsihi atulie. Na mara nyingi tumemchosha sisi wenyewe kwa deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe wa maji kichwani, ambayo mgonjwa huwezi kumnyima na ambayo huipunguza kinga. Mjomba alipewa, na ilimrudishia mguu kwa wiki tatu. Aliswali amesimama. Siwezi kuilaumu.

Njia ninayoipenda, na kupenda kwangu hakuna uzito wa kisayansi, ni ya wale waliouliza: badala ya kumhimiza askari apigane, kwa nini tusimpe pumzi? Mwaka 2017 ilionekana kwenye panya wenye melanoma kwamba metformini, dawa ya kisukari ambayo mkaza mjomba huimeza kila asubuhi na chai, hupunguza uvimbe kutumia oksijeni, ikabaki ya kuwatosha askari, na tiba ya kinga ikafanya kazi vizuri zaidi. Kwa panya. Wengine wana dawa inayolala usingizi mwilini mpaka ifike pasipo hewa, ndipo iamke iue. Kwa panya wenye saratani ya tezi dume iliifungulia njia tiba ya kinga. Bado ni safari, na ubongo ni bandari yenye miamba. Lakini nasikia ndani yake lugha ya mjomba. Chini ya maji, alisema, hupigani. Anayepigana anaimaliza pumzi. Kiswahili chenyewe kinajua: pumzi na pumziko ni ndugu.

Alifariki Februari 2017, nyumbani, alfajiri, dirisha la upande wa mto limefunguliwa kwa ombi lake.

Mwaka uliofuata nilisoma kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Walikuwa wanachunguza kwa nini watu wenye glioblastoma wana seli T chache mno kwenye damu. Walizikuta. Zilikuwa hai, nyingi, zimejazana ndani ya uboho wa mifupa, mbali kabisa na uvimbe. Kipokezi kinachoziwezesha kutoka kilikuwa kimeondolewa juu ya ngozi zao. Hazikukimbia, hazikulala, wala wakati huu siwezi kusema zilihurumia. Nilisimama na karatasi ile mkononi kama mtu aliyeletewa barua ya marehemu.

Idi nilikwenda Pangani. Mkaza mjomba alikuwa ukumbini na ungo mapajani, anachambua mchele, anatoa chuya moja moja na kuzitupa kwa kuku. Nilimwamkia, nikaketi, nikamwambia kwamba lile swali la mjomba, la hospitali, limepata jibu.

"Askari walikuwapo, mama. Wote. Walikuwa kambini, ndani ya mifupa. Mlango ulifungwa wasitoke."

Vidole vyake vilisimama juu ya mchele.

"Na nani kaufunga?"

Nikavuta kigoda karibu, nikaanza kuchambua upande wangu.